Muhuri wa Barua ya Mutomo

Jumatatu, 3 Februari

Vipimo vya upepo tangu saa mbili asubuhi. Kambu kurasa nne, Mutomo kurasa nne. Nanakili kutoka daftari la uwanjani hadi kwenye kompyuta, kisha nahakiki kwa rula, mstari kwa mstari. Kepteni Nzioka akiona tarakimu moja imekosewa huisoma kwa sauti mpaka watu wa duka la misumari ng'ambo ya ukuta wasikie. Leo hakuona kosa. Alikasirika kwa kutoliona.

Jana Baba aliniuliza tena kazi yetu ni ya nini hasa. Nikamweleza upya. Glaida ni ndege isiyo na injini. Winchi inaivuta juu kwa kamba ndefu, rubani anaiachia kamba, halafu anatafuta hewa ya moto inayopanda ili imbebe. Baba akasema, basi ni jiwe lenye mabawa. Sikubisha.

Chama ni cha taifa lakini ofisi ni chumba kimoja cha kupanga hapa Mtito Andei. Ijumaa tarehe 28 wajumbe kumi na mmoja watapiga kura makao makuu yajengwe wapi. Kambu, kando ya barabara ya Mombasa, au Mutomo, ng'ambo ya mto Athi. Kepteni ndiye mwenyekiti, mzaliwa wa Kambu, rubani mstaafu. Anataka Kambu. Makamu wake ni Mwalimu Kilonzo, anayefundisha watu kurusha glaida. Kwao ni Mutomo. Anataka Mutomo. Hawasalimiani. Wakitaka kuambiana jambo hulipitisha kwangu, kisha kila mmoja ananilaumu kwa jibu alilopewa.

Mimi nimezaliwa Kambu, na bado naishi huko na wazazi. Mama yangu ametoka Mutomo. Kwa hiyo wote wawili wana sababu ya kunishuku, na wote wanaitumia.

Muda wangu wa majaribio unaisha mwisho wa mwezi. Kepteni bado hajatia sahihi barua ya kunithibitisha. Iko mezani kwake, chini ya kikombe. Nimeiona.

Jumatano, 5 Februari



Leo tulikwenda Mutomo, mimi na Mwalimu Kilonzo, kukagua eneo. Kibwezi, Ikutha, kisha Mutomo, halafu njia ya vumbi. Nililijua eneo lile kwa ramani. Vichaka, miiba, boma la mbuzi katikati, shamba la ndengu pembeni. Nilitarajia kusimamisha kipima upepo na kurudi.

Hakuna vichaka. Hakuna boma. Ardhi imefyekwa, imesawazishwa, visiki vimeng'olewa, mawe yamepangwa pembeni kwa mstari ulionyooka kuliko wowote niliowahi kuchora kwa rula. Nilihesabu hatua mia nane na thelathini. Wanawake kama arobaini walikuwa bado kazini kwenye ncha ya mashariki. Jembe, panga, makarai ya mchanga. Walipoona gari walisimama wakapiga vigelegele.

Mkubwa wao anaitwa Mama Syombua. Ndiye kiongozi wa mwethya, kile kikundi cha kulimiana zamu kwa zamu. Alifungua kitambaa kiunoni akatoa karatasi iliyovishwa nailoni. Barua yangu ya mwezi uliopita. Sahihi yangu. Na muhuri wa chama, wa bluu, mviringo kamili, haukufifia hata kidogo, kwa sababu mimi hupiga muhuri kwa uangalifu.

Barua yenyewe inaomba ruhusa ya kuingia na vyombo vya kupima upepo katika eneo linalofikiriwa kwa makao makuu. Hilo tu. Inaomba. Mzee wa kijiji aliwasomea baada ya ibada.

Niliuliza, kwa sauti ambayo sikuijua, kwani waliielewaje. Mama Syombua akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto mzito.

"Anayeomba huja mikono mitupu," akasema. "Anayepiga muhuri ameshaamua. Tuliona ni haya mje mkute miiba."

Wiki tatu. Jumatatu na Alhamisi. Mwenye boma la mbuzi alihama. Mwenye ndengu aling'oa zikiwa na maua.

Mimi hupiga muhuri kila karatasi. Hata ya kuomba majani ya chai. Kepteni aliniambia siku ya kwanza kwamba karatasi isiyo na muhuri si karatasi, nikaogopa, nikaanza kupiga. Hakuna aliyeniambia kwamba muhuri pia hunena.

Nilitaka kuwaambia pale pale. Sikuwaambia. Niliandika kasi ya upepo.

Njiani Mwalimu Kilonzo alikuwa akiimba. Alisema, "Karani, umenifanyia kazi ambayo mimi singeweza." Nikamwambia lazima tuwaeleze. Akaacha kuimba. "Ukiwaeleza, utaeleza na nani aliyepiga muhuri."

Ijumaa, 7 Februari

Kepteni amejua. Mtu alimtumia picha ya uwanja.

Hakufoka. Afadhali angefoka. Alifunga mlango, akaketi juu ya meza yangu, juu ya karatasi zangu, akauliza mama yangu ni wa ukoo gani. Nikamwambia. Akasema alijua. Akasema watu wa ng'ambo ya Athi hawaoni haya, wanatuma binti yao ale huku na kunya kule.

Nilieleza kwamba barua ilikuwa ya kuomba ruhusa. Kwamba yeye mwenyewe aliniagiza niiandike. Akasema hakumbuki. Nikafungua faili ya barua zinazotoka. Nakala haipo. Kwenye rejista, ukurasa wa mwezi wa kwanza umekatwa kwa wembe, vizuri sana, usingejua kama huhesabu kurasa.

Mimi huhesabu kurasa.

Anachotaka ni hiki. Niandike taarifa kwamba barua ile si yangu. Kwamba watu wa Mutomo waligushi sahihi na muhuri. Kanuni ya tisa ya chama inasema eneo lililoletwa kwa hati za uongo linaondolewa kwenye kura. Mutomo itatoka, Kambu itabaki peke yake. Na mimi, akasema, nitabaki na kazi.

Namchukia. Namwogopa zaidi ya ninavyomchukia, na hilo ndilo linalonifedhehesha.

Jumapili, 9 Februari

Kanisani. Kepteni ni mzee wa kanisa letu hapa Kambu. Wakati wa maombi alisimama akaomba tuwakumbuke vijana walioajiriwa kwa huruma wakageuka ndumilakuwili. Hakutaja jina. Benchi zima lilinigeukia, mmoja mmoja.

Mama aliendelea kutazama mbele. Baba aliinamisha kichwa na kusema amina.

Jumanne, 11 Februari

Majaribio ya kurusha, uwanja wa Kambu. Joto kali. Madereva wa malori waliegesha kando ya barabara kutazama, wengine juu ya mizigo.

Niseme ukweli kuhusu Kambu, kwa kuwa hapa hakuna anayenisikia. Kambu ina lami mlangoni, stima, maji, hospitali iliyo karibu. Mgeni anafika bila kuuliza njia. Ila upepo wake hutoka ubavuni kuanzia saa sita, na nyaya za stima ziko karibu mno. Mutomo hewa inapanda vizuri tangu saa nne na hakuna waya hata mmoja, lakini gari likiharibika umeharibikiwa. Mtu mwenye akili anaweza kuchagua mojawapo na asiwe mwovu. Hili ndilo linalonikera. Kambu haikuhitaji uongo.

Mwalimu Kilonzo aliruka saa saba. Winchi ikanguruma, kamba ikakaza, glaida ikainuka wima kama kitu kilichokasirishwa. Juu akaachia kamba. Kimya. Hata madereva walinyamaza. Nilisahau kalamu mkononi kwa muda, na kwa muda huo sikuogopa mtu.

Wakati wa kutua upepo ulimsukuma. Akapita nje ya uwanja, akatua kwenye shamba la ndengu la mtu. Mwenye shamba alitoka na fimbo. Kepteni akafika akihema, akamwambia mbele ya watu kwamba amefanya makusudi.

"Upepo wa kwenu unatoka ubavuni, Kepteni," Mwalimu Kilonzo akajibu, bado akiwa ndani amefungwa mikanda. "Mimi siwezi kuuhonga. Labda wewe umejaribu."

Dereva mmoja akauliza kwa sauti, hiyo ndege ilipungukiwa mafuta ama ni nini. Watu wakacheka. Kepteni akanigeukia mimi, ambaye sikucheka.

Tulipokuwa tunaisukuma kurudi kwenye trela Mwalimu Kilonzo alinijia. Naye ana lake. Anataka niseme mkutanoni kwamba barua ilikuwa ahadi. Kwamba Kepteni alijua, akakubali, sasa anakana. Kanuni nyingine inasema ahadi ya chama inafunga chama. Akasema atanilinda. Nikamuuliza atanilindaje. Akafikiri kidogo akasema ataona.

Kwa hiyo mmoja anataka niseme barua haikuwa yangu, mwingine anataka niseme ilikuwa na maneno ambayo haikuwa nayo. Hakuna hata mmoja aliyeuliza ilisema nini.

Alhamisi, 13 Februari

Mama Syombua alikuja ofisini. Ametoka Mutomo alfajiri na wanawake wengine wawili, wamevaa sare za kanisa. Uvumi umefika kwao kwamba ni wagushi. Mzee wa kijiji amemwambia ajitakase, kwa sababu yeye ndiye aliyesimama mbele ya mwethya akasema barua ni ya kweli.

Aliiweka mezani kwangu bila kuiachia. Vidole vyake viwili vilibaki juu ya nailoni.

"Binti yangu, hii ni yako ama si yako?"

Kepteni alikuwa mlangoni. Sikumwona akiingia lakini nilijua, kwa jinsi wale wawili walivyorudi nyuma. Akasema kwa uchangamfu, "Mama, kumbe ni nyinyi mnaolima kiwanja cha ndege kwa jembe? Na mbegu mtapanda lini, ndege ziote?"

Mama Syombua hakugeuka. "Sisi tunalima kwa jembe. Wewe nasikia huruka kwa kamba, kama mbuzi. Tusichekane."

Mmoja wa wale wanawake aliziba mdomo kwa kitambaa. Kepteni akabadilika rangi.

Kisha wote wakanitazama mimi. Mama Syombua akasubiri. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, yangu, herufi tano. Nikasema suala linashughulikiwa na ofisi.

Suala linashughulikiwa na ofisi. Nimesomeshwa miaka kumi na sita ili niseme hivyo.

Alikunja barua yake. Kepteni akasema iachwe kwa uchunguzi. "Hii haiachwi hapa," akasema, akaifunga kiunoni, wakaondoka. Hawakunywa hata maji. Sikuwapa.

Jumatatu, 17 Februari

Kiti changu kimeondolewa. Nilikuta stuli. Nywila ya kompyuta imebadilishwa, natakiwa kuiomba kila asubuhi. Salamu hakuna. Mwalimu Kilonzo amepiga simu mara tisa, sikupokea, akatuma ujumbe kwamba mwoga hufa mara mbili.

Saa nane Kepteni alinipa taarifa ikiwa imeshachapwa. Aya tatu. Imeandikwa vizuri, hilo nalikubali. Panahitajika sahihi tu. Mpaka Alhamisi.

Nilimwonyesha Baba. Alisoma mara mbili, akisogeza midomo. Akasema yeye hajui mambo ya ofisi, ila anajua wasichana wangapi wa hapa Kambu wana diploma na wanauza matunda kwenye madirisha ya mabasi. Akasema tia sahihi, Mungu anaelewa.

Mama alikuwa anachagua mawe kwenye ndengu. Hakusema tia wala usitie. Alinieleza tu habari ya mwethya, polepole, kana kwamba mimi si mtoto wake. Kule kwao mtu akidanganya mwethya hapigwi, hatozwi, hatukanwi. Zamu ya shamba lake ikifika, watu hawaji. Basi. Anaamka asubuhi, anapika uji wa watu arobaini, anasubiri. Uji unapoa. Msimu ukipita hivyo mara moja, mwanamke mjane amekwisha.

Nikauliza kama Mama Syombua ni mjane. Akasema, "Uliona mwanamume?"

Alhamisi, 20 Februari

Nimetia sahihi.

Saa tano kasorobo. Kalamu ya Kepteni. Alinipa mkono. Barua ya kunithibitisha aliitoa chini ya kikombe, ina duara la chai. Kiti kimerudishwa.

Nilikula vizuri mchana. Hilo nalo naliandika.

Jumapili, 23 Februari

Hakuna aliyeombewa leo. Kepteni alinitabasamia kutoka mbele. Watu wakatabasamu pia.

Mchana Mama alipigiwa simu na dada yake wa Mutomo. Alizungumza Kikamba kitupu, uani, mgongo wake ukiwa kwangu. Baadaye aliingia akaniambia mambo mawili. Taarifa yangu ilifika kule Ijumaa, mzee wa kijiji akaisoma baada ya ibada ya jioni, kama alivyosoma ile ya kwanza. Na jana ilikuwa zamu ya shamba la Mama Syombua. Hakwenda mtu.

Akasema, "Shamba litakaa hivyo hivyo, mvua ije."

Hakuuliza kama ni mimi. Alichukua ungo wake akatoka nje.

Nimejaribu kujiambia kwamba mimi ni mdogo. Kwamba nililazimishwa. Yote ni kweli na hayanisaidii kitu. Sahihi hii ni yangu kuliko ile ya kwanza, maana ya kwanza niliitia bila kujua.

Jumatano, 26 Februari

Maandalizi ya mkutano. Ajenda, viti, maji ya chupa. Ukumbi wa gesti iliyo karibu na kituo cha mafuta. Kila eneo litaleta wawakilishi wawili wa kusikiliza. Kwa upande wa Mutomo, jina moja ni Syombua. Nilidhani hatakuja. Amethibitisha.

Ajenda ya tatu ni barua zilizopokelewa. Barua husomwa na karani, kwa sauti, akiwa amesimama. Ndiyo desturi ya chama. Sikuwa nimeifikiria.

Ijumaa, 28 Februari

Nitaandika kwa mpangilio, la sivyo nitaanza kubadilisha.

Wajumbe wote kumi na mmoja walifika. Mama Syombua aliketi mstari wa nyuma na mwanamke mmoja. Hakunitazama. Malori yalikuwa yanapita nje, kila mara tunasubiri kelele ziishe.

Ajenda ya tatu. Kepteni akasema, karani, tusomee. Nikasimama. Nikasoma barua mbili za kawaida. Kisha taarifa yangu. Niliisoma yote. Sauti yangu ilikuwa sawa, nashangaa. Mimi, mwenye sahihi hapa chini, natangaza kwamba barua ile haikutoka ofisini kwetu. Nilipofika kwenye neno wamegushi niliinua macho bila kukusudia. Mama Syombua alikuwa ameweka mikono magotini. Alikuwa anasikiliza kwa makini, kama mtu anayesikiliza tangazo la kifo cha mtu anayemfahamu kidogo.

Nikasoma mpaka mwisho. Jina langu. Nilipaswa kuketi. Sikuketi.

Nikasema taarifa niliyosoma ni ya uongo na niliitia sahihi nikijua. Barua ya kwanza ni yangu. Niliiandika, nikapiga muhuri, nikaituma. Hakuna aliyegushi kitu.

Kepteni akasema mama yake huyu ni wa Mutomo, wajumbe waelewe. Nikasema ni kweli, ni wa Mutomo. Nikasema pia ukurasa wa rejista umekatwa kwa wembe, na nani aliyeukata sikumwona. Sikumtaja mtu. Hapakuwa na haja. Watu wenyewe waligeuka kumtazama Kepteni.

Mwalimu Kilonzo akaruka juu. Akasema basi imethibitishwa, chama kiliahidi, kura haina maana, Mutomo imeshapata. Alikaribia kupiga makofi.

Nikasema hapana. Barua haikuahidi. Iliomba ruhusa ya kupima upepo. Muhuri ulikuwa kosa langu, nilizoea kuupiga kila mahali, na watu waliamini muhuri kuliko maneno. Nilijua tangu tarehe tano na nikanyamaza. Mwalimu Kilonzo pia alijua.

Aliketi. Sasa sikuwa na rafiki hata mmoja ndani ya ukumbi ule. Nilitarajia kujisikia msafi. Niliketi, nikachukua kalamu ya kumbukumbu.

Mjumbe mmoja mzee akamwomba Mama Syombua alete barua. Akaifungua kiunoni, ikapita mkono kwa mkono. Kila mmoja akasoma. Ilisema nilichosema. Taarifa ikafutwa. Mutomo ikabaki kwenye kura.

Kura za siri. Kambu sita, Mutomo tano.

Ni haki, nadhani. Lami na stima. Nilihesabu mwenyewe, mara tatu.

Nje Mama Syombua alikuwa anasubiri gari. Nilimwendea. Nilikuwa nimepanga maneno. Hakuniacha nianze. Alisema, "Kwa hivyo mbuzi walihama bure. Ndengu ziling'olewa na maua yake, bure. Kwa mkono wako, unaopenda kugonga gonga."

Nikasema ndiyo, mwaitu, kama ninavyomwita Mama.

Alinitazama, akikaza kitambaa kiunoni. Hakukuwa na huruma yoyote usoni mwake na sikuitafuta. Kisha gari likaja. Akiwa na mguu mmoja ndani akasema, "Alhamisi tuko kwenye kile kiwanja." Mlango ukafungwa.

Jumatatu, 3 Machi

Nimefukuzwa. Barua ya mistari miwili, haina muhuri. Nilimkuta mlinzi ameweka vitu vyangu nje: rula, kikombe, sweta. Mwalimu Kilonzo alipita akatema mate kando ya mlango, si karibu sana nami, lakini si mbali.

Baba hazungumzi nami. Anazungumza na redio.

Nimemuuliza Mama yale maneno ya Mama Syombua yana maana gani. Kama ni tishio. Akasema kule kwao aliyepoteza jasho la mwethya huja akatoa lake. Haitwi mara mbili. Nikauliza watanifanya nini. Akasema, "Watakupa jembe. Ulidhani nini?"

Alhamisi, 6 Machi

Nilifika Mutomo saa moja na nusu. Walikuwa wameshaanza.

Wameamua kiwanja kigeuzwe shamba. Ardhi ishafyekwa, haifai kuachwa. Wanapanda ndengu kwenye udongo mkavu, kabla ya mvua. Kila mtu mstari wake, toka ncha hii hadi ile.

Hakuna aliyenijibu salamu. Mama Syombua alinionyesha mstari wangu kwa kidevu. Ulikuwa wa pembeni kabisa, penye kokoto. Kuna aliyenipa jembe lenye mpini uliopasuka. Mwingine akasema, bila kunielekea, "Mwone anavyolishika, kama kalamu." Wakacheka, wakaendelea na habari zao. Sikuwamo katika habari hizo.

Shimo, mbegu tatu, funika. Shimo, mbegu tatu, funika. Wote walinipita. Wa kwanza alikuwa ameshamaliza na kuketi kivulini wakati mimi bado sijafika katikati. Hakuja mtu kunisaidia. Hakuna aliyeniambia niache.

Nilimaliza saa saba na nusu.

Mama Syombua alikuja kukagua. Alipita mstari wangu wote, pole pole. Mahali pawili alichuchumaa, akafukua kwa kidole kuangalia kina. Akatazama. Akafukia, akapigapiga udongo kwa kiganja.

Kisha akawageukia wenzake kivulini akawatangazia ya wiki ijayo. Alhamisi ni shambani kwake. Waje mapema, uji utakuwa tayari.

Wakasema sawa. Mimi pia nilisema sawa, kwa sauti ndogo. Hakusema nisije.